Tyubu moja haitibu kila kipele

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi, wauza dawa na vinyozi wa Dar es Salaam. Masika yakiingia nguo hazikauki, chumba kimoja kinalala watu watano, na miwasho inaanza. Mtu anafika duka la dawa, anasema "nipe dawa ya vipele", anapewa krimu ya mchanganyiko: dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi, vyote ndani ya tyubu moja. Siku ya pili muwasho umetulia. Ugonjwa bado upo palepale.

Steroidi hutuliza muwasho kwa kudhoofisha kinga ya ngozi. Ikipakwa kwenye choa, yale mashilingi yenye ukingo ulioinuka, magamba pembeni na katikati pamepona, ukingo unafutika na fangasi inatambaa chini kwa chini mpaka mgongo mzima. Hapo hata tabibu anapata shida kuitambua. Ikizoeleka usoni, ngozi inakuwa nyembamba, inaota chunusi na kupoteza rangi. Mapajani na kwapani inaacha michirizi isiyofutika. Kwa hiyo soma boksi. Kwenye dawa za kupaka, jina linaloishia na "-zole" kwa kawaida ni dawa ya fangasi. Ukiona jina linaloishia na "-sone", au neno clobetasol, hiyo ni steroidi, na choa hakiitaki. Choa cha mwilini kinataka klotrimazoli ya asilimia 1 peke yake, asubuhi na jioni, ipite ukingo kwa upana wa kidole, na iendelee wiki mbili baada ya alama kupotea. Wengi huacha siku muwasho unapokoma, ndiyo maana kinarudi.

Vitabu vingi vinasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani: pataonekana peusi zaidi, rangi ya zambarau au kijivu. Kwa hiyo gusa, usikie joto na uvimbe, na uangalie mchana, karibu na dirisha.

Upele, ugonjwa unaoletwa na kijidudu kinachoishi ngozini, ndio unaokosewa zaidi. Dalili zake ni muwasho unaozidi usiku, vipele katikati ya vidole, viganjani, kwapani, kuzunguka kitovu, matakoni, kwenye chuchu na sehemu za siri za mwanamume. Kwa mtoto mchanga huweza kushika nyayo na kichwa. Kijidudu jike huchimba ngozini na kutaga, na kwa anayeambukizwa mara ya kwanza muwasho unaweza kuchelewa wiki nne hadi sita. Hapo ndipo familia zinapokosea: anatibiwa mtoto anayejikuna, wanaachwa kaka na bibi wanaolala naye kwa kuwa "hawana kitu". Wanacho, na watamrudishia.

Dawa ya kawaida ni BBE (benzyl benzoate), dawa ya maji ya kupaka, ya asilimia 25. Nyumba nzima ipake siku moja, kuanzia shingoni hadi kwenye nyayo, bila kuruka chini ya kucha, kwenye mikunjo ya matako wala kitovu. Ikae saa 24 ndipo mtu aoge, na akinawa mikono kabla ya muda huo apake tena mikono. Kwa mtoto wa miaka 2 hadi 12, changanya kipimo kimoja cha dawa na kimoja cha maji. Chini ya miaka 2, kimoja cha dawa kwa vitatu vya maji, kwa saa 12 tu, na mtoto mchanga wa chini ya miezi sita aonwe kwanza kituoni. Mjamzito naye aulize kabla ya kupaka. Dawa hurudiwa kama mtoa dawa atakavyoelekeza, kwa sababu mayai yaliyobaki huanguliwa baadaye. Chupa moja ya mililita 100 haitoshi watu watano. Kuigawa kidogo kidogo ni kupoteza hela. Siku hiyohiyo fueni mashuka, kanga na nguo kwa maji ya moto, mzianike juani na kuzipiga pasi. Kisichofulika kifungwe kwenye mfuko wa plastiki siku nne au zaidi, maana kijidudu nje ya mwili hakidumu zaidi ya siku mbili tatu.

Baada ya hapo muwasho unaweza kuendelea wiki mbili hadi nne ingawa vijidudu vimekufa. Usipake BBE kila siku kwa hofu, itachoma ngozi. Lakini upele ukiota usaha au gaga la rangi ya asali, huo ni uambukizo wa bakteria unaohitaji dawa yake, na uso ukivimba asubuhi au mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, mkimbize mtoto hospitali: huenda figo zimeguswa.

Kwa mapunye ya kichwani, krimu haifiki kwenye shina la nywele. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza, mara nyingi griseofulvini, kwa kipimo cha uzito wake, baada ya chakula chenye mafuta, wiki sita hadi nane. Kichwa kikivimba na kutoa usaha, usikubali kipasuliwe kama jipu. Na ndugu zangu vinyozi: toeni nywele kwenye meno ya mashine kwa brashi kwanza, ndipo mfute kwa spiriti. Nywele iliyobaki ndiyo inayobeba mbegu za fangasi.

Harara ni vipele vidogo vinavyolingana, shingoni na mgongoni. Maji ya baridi, nguo ya pamba na kalamini vinatosha. Mafuta mazito huziba vinyweleo.

Kuna baka moja lisilowasha wala kuuma, hafifu kuliko ngozi ya jirani. Mwambie mwenyewe afumbe macho, mguse kwa ncha ya pamba kwanza kwenye ngozi nzima, kisha kwenye baka, aonyeshe kwa kidole alipoguswa. Asiposikia, aende kituo cha afya kupimwa ukoma. Dawa ni bure, miezi sita au kumi na miwili, na akianza mapema anaweza kuepuka ulemavu.

Vipele vinavyotokea baada ya kuanza dawa mpya, hasa za salfa au za kifafa, vikiambatana na vidonda mdomoni, macho kuwaka au ngozi kuchubuka, ni dharura ya saa hiyohiyo. Acha dawa, beba boksi lake, nenda hospitali.

Kwa mengine anzia zahanati ya mtaani. Ikishindikana omba rufaa kwenda Amana, Temeke au Mwananyamala, na kutoka huko Muhimbili. Beba tyubu zote ulizokwisha kupaka, hata tupu, na siku ya kuonwa usipake chochote.

Wauza dawa, nawasihi: kabla ya kutoa tyubu ulizeni kinawasha usiku, nani mwingine nyumbani anajikuna, na ameshapaka nini. Mchanganyiko wenye steroidi usitoke dirishani bila cheti cha daktari.

Tabibu,
Temeke, Dar es Salaam