Baraza za Mji Mkongwe Zitangulizwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie viti na kazi za sanaa zinazowekwa katika njia na viwanja vya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa na UNESCO katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Ombi langu ni kwamba kabla halijanunuliwa benchi hata moja la chuma, zikarabatiwe kwanza baraza tulizorithi.

Baraza hizi za mawe, zilizoshikamana na kuta za nyumba kando ya vichochoro, ndipo wazee wanapochezea bao na muuza kahawa anapotua dele lake. Na masika maji yanapojaa njiani, wapita njia hupanda juu yake wakavuka bila kulowa. Sijaona benchi la kiwandani linaloweza kufanya kazi zote hizo, tena katika njia nyembamba isiyopitisha hata gari.

Kinachoniuma ni namna zinavyotengenezwa zikiharibika. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, vitu vinavyopitisha unyevu ukaingia na kutoka, lakini fundi wa siku hizi huzikandika lipu ya saruji, na unyevu na chumvi vikakosa pa kutokea. Tazama baraza iliyotiwa saruji miaka michache iliyopita: uso wa kijivu umefura, ukiugonga kwa kidole unalia kama mtungi mtupu, na kipande kikibanduka huanguka pamoja na chokaa ya zamani iliyokwisha kuwa unga. Nyingine ni nzima, ila zimefunikwa kutwa kwa vinyago na picha za kuuza, na mzee aliyezoea kupumzika hapo hana pa kukaa.

Sipingi viti vipya kila mahali. Bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa upya mwaka 2009, ni uwanja wa wazi mbele ya bahari, na pale vinafaa.

Kwa upande wa sanaa, kipimo chetu kiwe ukumbusho wa watumwa pale Mkunazini, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Sanamu tano zenye minyororo shingoni zimesimama ndani ya shimo, katika eneo la soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na anayezitazama hana budi kuinamisha uso. Sanamu hizo zisingekuwa na uzito uleule mahali pengine popote, nami naomba kila kazi mpya itakayopendekezwa iulizwe kwanza inahusiana vipi na mahali itakaposimama.

Kwa hiyo naziomba mamlaka zinazosimamia Mji Mkongwe ziandike chokaa waziwazi katika masharti ya kila kibali cha ukarabati wa baraza, zigharamie mafunzo ya vijana kwa mafundi wa chokaa waliobaki, na zikubaliane na wenye maduka sehemu ya baraza itakayoachwa wazi kwa wakaaji.

Mkaazi wa Mji Mkongwe,
Unguja