Barua kwa mwanangu: habari mbaya ikufikie mapema

Kibirizi, Kigoma

Marahaba mwanangu,

Hela ya dawa ya bibi yako imefika. Hatujambo sote.

Unasema tangu wakupe uongozi wa timu ya kutengeneza programu za kompyuta, vijana wanakuambia kila asubuhi "imebaki kidogo", halafu siku ya kukabidhi kazi unakuta nusu yake haijaguswa. Umeandika kwamba hawaaminiki. Mimi naona wao ndio hawajakuamini wewe. Kama ni uongo wa mtu mmoja ningemshuku yeye, lakini timu nzima?

Wajua mimi sipandi mtumbwi. Jioni vijana wangu wa uvuvi wanaondoka hapa mwaloni na mitumbwi yangu na taa zao, nabaki nchi kavu. Wakiuza dagaa hukohuko ziwani, nitajulia wapi? Wapo wenye vyombo wanaoweka mpelelezi. Dagaa hawaongezeki, na mpelelezi naye anataka fungu lake. Mimi wakirudi nauliza kwanza: nini kimeharibika? Wavu ukichanika nataka nijue asubuhi ileile, kukiwa na mwanga wa kuushonea. Ukimfokea aliyeuchana mbele ya wachuuzi, kesho ataukunja vizuri tundu liwe ndani, na mtalikuta usiku dagaa wakishapita.

Si wewe uliyenisimulia habari ya GitLab, kampuni inayowatunzia watengeneza programu kazi zao mtandaoni? Kwamba Januari 2017 fundi wao alifuta data usiku kwenye seva ambayo siyo, na njia tano za kuweka nakala za akiba zikakutwa hakuna hata moja ya kutegemewa. Wakaokolewa na nakala ya saa sita nyuma, iliyochukuliwa kwa kazi nyingine kabisa. Hawakumfukuza. Waliandika yote hadharani, watu wakawatazama YouTube wakihangaika kurekebisha. Uliwasifu sana siku ile. Sasa mfumo wenu wa malipo ulipoanguka mwezi jana, swali lako la kwanza, kwa maneno yako mwenyewe, lilikuwa "nani kafanya hivi?"

Ungeuliza imewezekanaje kazi ya mtu mmoja ifike kwa wateja bila mwenzake kuipitia. Huko kupitiana kazi unakuona kunawachelewesha. Anza na yako: mpe mdogo kuliko wote aikague, na akikuta kosa mshukuru wenzake wakisikia. Usijitetee hata kidogo, nakujua.

Jambo jingine ni ahadi. Serikali ilipofunga Ziwa Tanganyika tusivue, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti 2024, niliwaita wavuvi mapema nikawaeleza pesa niliyonayo ya kuwakopesha, na kwamba haitafika mwisho wa miezi hiyo. Walinuna. Wengine wakaenda kulima Kasulu. Lakini kila mmoja alijua ajipange vipi, na ziwa lilipofunguliwa walirudi kwangu. Bosi wako akikupa tarehe isiyowezekana, mwambie hukohuko juu. Ukiipokea kwa tabasamu kisha ukawabebesha vijana wakeshe, watakuwa wanakutii tu, na "imebaki kidogo" utaendelea kuisikia.

Jumatatu kaa na yule wa mfumo wa malipo, mkiwa wawili. Muulize alikuwa anaogopa nini hata asiseme mapema, halafu unyamaze amalize.

Wiki ijayo ni mbalamwezi, mitumbwi haitoki, nitakuwa na nafasi. Nipigie uniambie amekujibu nini.

Mama yako