Nywele za Francie: barua kwa somo yangu Mombasa

Columbus, Ohio
12 Novemba

Mpendwa somo yangu Mwanaidi,

Barua yako ilinifikia salama, pamoja na picha tatu za wanasesere uliowavika leso, na picha ya yule wa pili nimeionyesha kwa kila mgeni aliyeingia nyumbani kwangu, maana mistari uliyomsuka imenyooka kuliko ile tuliyokuwa tukisukwa sisi kibarazani kila Ijumaa. Mwishoni uliniuliza kama ni halali kumnunua mwanasesere aliyetengenezwa na kampuni, kumfuta uso wake, kumchora uso mwingine na kumtia nywele nyingine, kisha kumuuza kwa wakusanyaji kwa mara kumi ya bei uliyomnunulia, hali jina la kampuni bado limechongwa kwenye mwili wake. Nimechelewa kukujibu kwa sababu jibu la kweli linanilazimu nikusimulie jambo ambalo sijapata kukuandikia.

Habari ya sheria haitatuchukua muda. Hapa Marekani mtu aliyenunua kitu kwa njia halali ana haki ya kukiuza tena bila kuomba ruhusa ya aliyekitengeneza, na hata suala la kumbadilisha mwanasesere limewahi kufika mahakamani: kampuni ya Mattel, watengenezaji wa Barbie, ilimshtaki msanii mmoja wa Uingereza aliyewageuza akina Barbie kwa namna ambayo siwezi kuieleza katika barua itakayosomwa mbele ya mama yako, na mwaka 2002 mahakama ya New York ikakataa kuipa kampuni hukumu iliyoitaka, ikiona kwamba kazi ile ilikuwa mbali mno na bidhaa ya asili. Jambo lisiloruhusiwa ni kumfanya mnunuzi aamini kwamba kampuni ndiyo iliyofanya kazi ya mkono wako. Wewe huna nia hiyo, kwa hiyo tuyaache ya mahakama.

Katika mwaka wangu wa pili wa kazi hii nilikwenda kwenye mnada wa vyombo vya bibi mmoja aliyefariki, mnada wa namna inayofanyika humohumo ndani ya nyumba ya marehemu, watoto wake wakiwa wamesimama mlangoni wakipokea pesa. Nilinunua kisanduku cha viatu chenye wanasesere wanne kwa dola 5. Mmoja wao alikuwa Francie mweusi wa mwaka 1967.

Huenda humjui Francie. Barbie alitolewa mwaka 1959, na mwaka 1966 kampuni ikamletea binamu, Francie, msichana mwembamba wa mavazi ya kisasa. Mwaka uliofuata wakamtoa Francie mweusi, na kwenye sanduku wakamwandika Colored Francie, kama watu weusi walivyoitwa katika Marekani ya wakati ule. Kilichobadilika kilikuwa rangi ya vinili tu, ile plastiki laini aliyotengenezewa, kwa kuwa kichwa chake kilifinyangwa katika kalibu ileile ya yule mweupe, pua ileile na midomo ileile. Kwa hiyo ukisikia watu wakisema kwamba sisi tunaompaka rangi mwanasesere mweupe tunakosea heshima, kumbuka kwamba kiwanda kilitangulia. Hakuuzika sana. Mwaka 1968 akaja Christie, na Barbie mwenyewe mweusi, aliyebuniwa na Kitty Black Perkins, hakutoka hadi mwaka 1980. Kwa sababu hakuuzika, Francie huyo ni adimu leo, na kwa sababu ni adimu, wakusanyaji humgombania.

Toleo lake la kwanza lina alama ambayo kila mkusanyaji anaijua, nami siku hiyo sikuijua. Nywele zake zilitoka kiwandani zikiwa za hudhurungi iliyoiva, lakini nyuzi zile, kadiri miaka inavyopita, hugeuka na kuwa nyekundu. Mimi nilimwona kama mtoto aliyeshinda ufukweni likizo nzima, nywele zimeungua kwa jua na maji ya chumvi, nikasema masikini, ngoja nimrudishie ujana wake. Nikazitia rangi nyeusi, ile ya kutilia vitambaa vya nailoni, nikazikausha, nikazichana. Midomo ilikuwa imefifia, nikaipaka upya. Kisha nikatangaza kwamba ninauza Francie wa mwaka 1967, hali nzuri sana, nywele nyeusi, na akanunuliwa na mama mmoja wa jimbo jingine kwa zaidi ya dola 400.

Baada ya miezi minne aliniandikia. Rangi ilikuwa imeshuka hadi shingoni mwa mwanasesere na kuacha doa, na vinili ikishakunywa rangi haiitapiki. Hakunitukana wala hakutaka pesa zake. Aliuliza swali moja tu: ni nini kingine ulichomfanyia?

Mwanaidi, swali hilo lilinielemea kuliko doa lenyewe. Nilipoanza kumjibu niliona kwamba lolote nitakaloandika halitakuwa na uzito, maana niliyenyamaza kuhusu nywele nitaaminiwa vipi nikisema kope ni za asili na miguu haijaguswa? Nilikuwa nikijitetea moyoni kwamba sikusema uongo, na ni kweli, sikusema hata neno moja la uongo. Lakini wewe na mimi tulisomeshwa kile kisa cha mwuza nafaka, ambaye Mtume alimwingizia mkono ndani ya lundo lake na chini kukakutwa maji. Alipoulizwa, alisema ni mvua iliyolinyea. Hakulaumiwa kwa mvua. Aliulizwa kwa nini asiiweke ile iliyolowa juu, watu wakaiona. Maalimu wetu alitukaririsha kisa hicho mpaka tukakichoka, nami nikaja kukitenda Ohio, kwa nywele za doli.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: kumbadilisha si kosa, na ubaya wa biashara yetu umo katika yale ambayo mnunuzi hawezi kuyaona kwa macho yake, nasi tunayajua, tukayafunika. Ukimvika Barbie buibui na kumchora wanja, hakuna atakayedhani alitoka hivyo kiwandani; kazi yako inajitangaza yenyewe. Hatari iko katika kazi iliyofanywa vizuri hata isionekane. Wanasesere wa zamani waliovishwa hereni za madini huota masikio ya kijani, kwa kuwa kutu ya shaba huingia ndani ya vinili, na mafundi huipausha kwa dawa ya chunusi pamoja na jua. Kijani hicho huweza kurudi. Anayeuza sikio lililopaushwa bila kusema anauza muda, na muda wenyewe utamwishia mikononi mtu mwingine.

Jihadhari pia na tarehe. Utakuta kiunoni mwa Barbie pamechongwa 1966, na watu wengi, baadhi kwa kutojua na baadhi kwa kujua vizuri sana, humtangaza kuwa wa mwaka huo. Mwaka huo ni wa hakimiliki ya umbo la mwili, si wa kutengenezwa. Mwili wenye alama hiyo uliendelea kutumika hata miaka ya 1990. Huo ni uchakachuaji wa kutumia ukweli, nami nauona mbaya kuliko wa kutumia rangi, kwa sababu muuzaji anaweza kunyoosha kidole kwenye maandishi akasema, si mwenyewe umesoma?

Wako wanasesere wasiotakiwa kuguswa kabisa, na hapa huenda tusikubaliane. Mwaka 1972 kampuni ya Kenner ilimtoa Blythe, mwenye kichwa kikubwa na uzi kisogoni ambao ukivutwa macho hubadilika rangi, rangi nne kwa zamu. Watoto wengi walimwogopa, akaondolewa sokoni ndani ya mwaka mmoja. Mwaka 2001 kampuni ya Takara ya Japani ikaanza kumtengeneza upya, na tangu hapo mafundi wengi wamekuwa wakimkwangua uso kwa kisu na msasa, wakimchonga midomo na pua, kazi nzuri ajabu nyingine. Kwa huyu wa Japani sina neno. Lakini yule wa 1972 hataongezeka hata mmoja, uso wake ni wa plastiki ngumu, na kilichochongwa hakirudi. Mwenye mali atasema ni mali yake, na kweli ni yake. Mimi nimekwisha kukataa kazi mbili za namna hiyo, ingawa katika ile ya pili kodi ya nyumba ilikuwa imefika.

Kuhusu yule mteja wako aliyekutumia picha ya uso uliochorwa na msanii mwingine akitaka umfanyie uleule: kila mmoja wetu amejifunza kwa kuiga, nami mwaka wa kwanza nilichora macho ya watu wengine tu. Hayo yalikuwa mazoezi, yakabaki nyumbani. Ukimwuzia mteja huyo, unamuuzia jicho la mtu ambaye huenda alilitafuta kwa miaka, tena kwa bei ya chini kwa sababu wewe hukulipia kulitafuta. Mwambie utamchorea uso wenye huzuni kama ule, ikiwa huzuni ndiyo anayoipenda, lakini utakuwa uso wako. Sisi tuliokulia Mombasa hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Mama zetu hawakununua leso kabla ya kuangalia ukingoni kama pameandikwa Mali ya Abdulla, na kama halikuwapo walijua wanalipia kitu kingine, hata kama ua lilikuwa lilelile. Weka na wewe jina lako ukingoni. Wengi huandika ndani ya kichwa au chini ya unyayo, kwa wino usiofutika, pamoja na mwaka. Na hao wanasesere wa bei rahisi wasio na alama yoyote, uliosema unawanunua dukani: watumie, lakini mwambie mnunuzi si Barbie, hata kama nguo za Barbie zinawatosha.

Jambo jingine linahusu afya, na hapo sina subira na mtu. Chaki za rangi tunazowapaka mashavuni, na vanishi ya kupuliza tunayozifungia, hazikupimwa kwa ajili ya mtoto anayetia kila kitu mdomoni. Hapa, kwa sheria ya mwaka 2008, rangi ya kitu cha kuchezea mtoto haitakiwi kuzidi sehemu 90 za madini ya risasi katika kila milioni, na kiwanda hulazimika kuthibitisha hivyo; wewe na mimi tuliofungua dirisha na kuvaa barakoa tunathibitisha nini? Haitoshi kuandika kwamba ni wa mkusanyaji mtu mzima, kisha mteja akikwambia kwamba mwanawe anatimiza miaka minne ukanyamaza. Mwambie hapana, mshonee huyo mtoto nguo ndogo za doli alilo nalo. Na wewe mwenyewe, tafadhali, usipulize vanishi ukiwa jikoni.

Bei isikusumbue. Nywele za kichwa kimoja, shimo kwa shimo, hunichukua jioni nne au tano, na wewe hukata leso hata jina lake likaenea kwenye kitambaa cha upana wa kiganja, jambo ambalo sijamwona mwingine akiliweza. Dola 10 ni bei ya plastiki. Zilizobaki ni zako, mradi mnunuzi anajua analipia nini.

Lakini liko ambalo mpaka leo sijalipatia jibu. Wale watoto wa marehemu pale mlangoni walinipa kisanduku kwa dola 5. Sikumtambua Francie mpaka nilipofika nyumbani na kumwosha, kwa hiyo mkono wangu ulikuwa safi wakati wa kununua. Je, baada ya kutambua? Nilikuwa na anwani yao. Mume wangu husema kwamba aliyeuza kwa ridhaa ameuza, na mnada ni mnada. Mimi huona kwamba mtu aliyedai mnunuzi wake aelezwe kila kitu angepaswa kumfikiria muuzaji pia, kisha nakumbuka kwamba kama ningerudi na kila nilichokipata kwa bei rahisi, nisingekuwa na kazi. Niandikie unavyoona, maana hapa sina wa kumwuliza asiyekuwa na duka.

Mama yule aliyemnunua Francie nilimrudishia dola 150 bila yeye kuniomba, pamoja na karatasi yenye kila nilichomfanyia Francie: aina ya rangi ya nywele, rangi ya midomo, sabuni niliyomwoshea, hata jinsi nilivyomnyoosha kidole kilichopinda. Alinijibu kwa mstari mmoja, kwamba karatasi ameiweka ndani ya sanduku na itakwenda naye popote atakapokwenda. Tangu hapo simtoi mwanasesere yeyote bila karatasi kama ile. Nimekuwekea humu nakala ya ninayoitumia sasa. Itafsiri, ondoa yasiyokufaa, na sehemu ya leso uiandike wewe, kwa sababu mimi sijui kama wino wa leso mpya huchuja ukilowana juu ya vinili, nawe utakuwa umekwisha kujaribu.

Nisalimie mama, na umwambie ubuyu umefika haujalowa.

Ni mimi somo wako,
Rukia