Tupa zako usizitupe

Wete, Pemba
Mwezi wa Shaabani

Swahibu yangu,

Assalaam aleykum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Barua yako nimeipata, na nilipofika pale uliposema umezikusanya tupa zako kuukuu za kunolea vyuma kwenye ndoo, unamngoja mnunuzi wa vyuma chakavu, nikasema leo lazima nishike kalamu. Usizitupe!

Unajua mwezi huu mimi huwa sina pumzi. Ramadhani inabisha hodi, kila nyumba inataka tui, na kila mbuzi ya kukunia nazi iliyolala mvunguni inaletwa kwangu ichongwe meno. Safari hii nilijitia ujanja, nikanunua tupa mpya ya pembe tatu ya bei ya chee. Haikumaliza mbuzi nne, meno yakalala. Nikairudia ile aliyotuachia marehemu fundi wetu, nikaitega juani: ncha za meno zote zinametameta. Jino kali halina mng'ao, likianza kung'aa ujue kichwa kimeshakuwa bapa.

Basi nikaijaribu siki. Kwanza niliisugua kwa brashi ya waya kwa kufuata mifereji ya meno. Unga wa shaba uliokwama nikausukuma nje kwa ubapa wa bati laini. Nikaiosha kwa sabuni na maji ya moto, maana penye mafuta siki haigusi. Nilikuwa na kipande cha bomba la plastiki, nikakiziba chini, nikamimina siki na kuisimamisha tupa humo, msuka, ule mkia unaoingia kwenye mpini, ukibaki nje. Baada ya muda vikaanza vipovu vidogo vidogo, vinapanda mstari mmoja mmoja kutoka kwenye mifereji. Siki inalila jino ubavuni, ndiyo maana kichwa kinakuwa chembamba tena.

Niliiacha tangu Isha mpaka asubuhi. Ilitoka nyeusi kama sufuria ya kuni. Nikaipiga brashi, nikaichovya kwenye maji ya magadi kuua ukali wa siki, kisha nikaimwagia maji yanayochemka ili ijikaushe yenyewe upesi. Ukizembea hapo, kwa hewa yetu hii ya chumvi, kutu inakuja huku unaiangalia. Nikaipaka mafuta ya cherehani, na kabla ya kuitumia nikayafuta yote. Nikaijaribu kwenye shaba, kwani tupa butu huteleza juu ya shaba. Hii ilishika mkono wa kwanza, swahibu, nikacheka peke yangu.

Ya pili niliitia maji ya ndimu, siki ilikuwa imekwisha. Mama watoto akaniuliza kama nimeanza kutia achari ya chuma. Ndimu nayo inafanya kazi, lakini nilikwenda mazikoni Micheweni nikalala huko siku mbili, niliporudi meno yameliwa, imebaki kama msasa uliochoka. Kwa hiyo ichungulie kila baada ya saa chache. Na jino lililovunjika usilitarajie, halirudi. Kule Sheffield, Uingereza, zamani walizilainisha tupa zilizochoka motoni, wakayasaga meno yote na kuyakata mapya kwa patasi na nyundo, tupa ikiwa imelazwa juu ya pande la risasi, yale madini laini. Wengi wao iliwadhuru risasi hiyo. Mimi sina moto huo wala subira hiyo.

Hayo maji ya betri uliyoambiwa, kweli yanakwenda mbio, lakini mimi nina watoto uani. Siyataki.

Sasa nikuseme kidogo. Tupa zako hazikuchoka kwa kazi, zimechoka kwa ndoo. Unazirundika pamoja, zinatafunana zenyewe, maana zote zina ugumu mmoja. Halafu bado unaivuta na kurudi nayo kama msumeno! Tupa hukata ikienda, ikirudi inyanyue. Na ipake chaki kabla ya kazi, unga wa chuma hautashika kwenye mifereji.

Nitumie hizo ulizonazo kwa mtu yeyote anayekuja Pemba, kila moja uizungushie gazeti lake. Zisizo na mpini zifunge msuka kwa kitambaa, asije akachomwa kiganja huyo utakayempa.

Ile ya nusu duara unayosema nimekuibia, ninayo. Nimeitia siki jana usiku, bado inatoa vipovu.

Wasalaam,
Swahibu yako wa Wete