Siku ya Tatu Mpe Jembe: Wito wa Harambee ya Ukumbi na Jiko la Parokia

Tumsifu Yesu Kristo!

Wapendwa Wakristo wa parokia yetu, majirani na marafiki popote mlipo, kamati ya harambee imenituma niwaandikie. Jumapili ya Pentekoste, baada ya Misa ya pili, tutachanga pesa za kujenga ukumbi wa mabati wenye jiko nyuma ya kanisa. Tunatafuta shilingi 1,350,000. Kadi za mchango zilizorudi mpaka sasa zimeleta shilingi 318,400. Kabla sijaeleza pesa hizo zitafanya nini, naomba niwasimulie kilichotufikisha hapa, ingawa hakitupi sifa.

Mwaka juzi familia moja kutoka Bukavu, mashariki mwa Kongo, ilijiunga na jumuiya yetu ndogo ndogo. Jumamosi hiyo tulikuwa tumebanana sebuleni kwa mwanajumuiya mmoja, vijana wameketi sakafuni. Zamu ya maombi ilipomfikia mama wa familia ile, aliomba kwa Kiswahili cha kwao. Akamwambia Mungu "aksanti", akaanza kumwombea mtoto wake aliyekuwa mgonjwa. Vijana wawili wakacheka. Hakikuwa kicheko kikubwa, mmoja hata alijificha nyuma ya kitabu cha nyimbo, lakini mama alisikia. Alikatiza sala katikati, akachukua leso, akamfunga mtoto mgongoni huku sisi tukiendelea na Salamu Maria. Hatukumwona tena kwa miezi miwili. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa jumuiya, na sikusema neno.

Jambo hilo lilininyima usingizi. Kiswahili tunachojivunia kuwa kinatuunganisha ndicho tulichomfungia nacho mlango.

Tulipokwenda hatimaye kumwona, kina mama wanne na mimi, tulikwenda kuomba msamaha tukijiandaa kupokelewa kwa ubaridi. Alitupikia. Bugali, na bakuli kubwa la sombe lililokolea mawese. Mmoja wa kina mama wetu, ambaye amekulia Kwale, alionja akaweka mkono kifuani: "Dada, hiki si kisamvu?" Basi wakaanza kubishana kama majani ya muhogo yanataka mawese au tui la nazi, na ubishi ule ukatufaa kuliko hotuba yoyote ambayo ningeitoa. Jumamosi iliyofuata alikuja kwenye jumuiya.

Nimesoma Matendo ya Mitume sura ya 6 mara nyingi, ila baada ya siku ile niliisoma kwa macho mengine. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa bado changa lilipopata ugomvi wake kati ya watu wa lugha mbili, na ugomvi ulihusu chakula: wajane wa wale waliosema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika mgao wa kila siku. Mitume hawakuwaambia wajane wavumilie. Waliagiza wachaguliwe watu saba wa kusimamia huduma hiyo, na ukiangalia majina yao, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao, yote ni ya Kigiriki. Yaani waliolalamika ndio waliokabidhiwa ghala.

Sisi tumewaita wenzetu wa Kongo, Burundi na Sudan Kusini "wageni wetu" kwa miaka. Tunawapigia makofi wakicheza siku ya somo wa parokia, halafu mikutano ya baraza tunaifanya bila wao. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi wetu tunaitumia methali hii kumharakisha mgeni aondoke. Mimi naisikia kama neno la heshima, kwa sababu jembe la nyumbani hupewa mtu wa nyumbani, aliye na haki ya kula atakachokivuna.

Wala tusijidanganye kwamba sisi wenyewe tumekuwa ndugu tangu zamani. Tuliokuwa hapa Nairobi Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, tunakumbuka watu waliolala katika nyua za makanisa kwa sababu ya kabila lao, wakifukuzwa na majirani ambao baadhi yao walikuwa wakishiriki nao meza moja ya Bwana. Mwaka 1995 Papa Yohane Paulo wa Pili alikuja katika jiji hili kusherehekea matunda ya Sinodi ya Afrika, mkutano wa maaskofu uliotufundisha kuliita Kanisa Familia ya Mungu. Jina hilo bado tunajifunza kulibeba.

Kuna waliouliza kama nyimbo na lugha nyingi hazitaivuruga Misa. Ni swali la haki. Misale ya Kiroma, yaani kitabu cha sala za Misa, kwa majimbo ya Zaire (Kongo ya leo) iliidhinishwa na Roma mwaka 1988. Humo waamini huwaomba mababu wenye mioyo myema wawe pamoja nao, na salamu ya amani hutolewa mapema, baada ya toba, kabla ya kupeleka vipaji. Tarehe 1 Desemba 2019 Papa Fransisko aliadhimisha Misa ya namna hiyo ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro, pamoja na Wakongo waishio Roma, jumuiya yao ikitimiza miaka 25. Hapa kwetu hatubadilishi Misa. Tunafuata utaratibu wa jimbo. Lakini kama Wakongo waliweza kuimba kwa sauti yao mbele ya kaburi la Petro, sioni kwa nini wanong'one kwetu.

Tumeanza kidogo kidogo. Mara moja kwa mwezi somo la kwanza husomwa kwa Kidinka au Kirundi, na Kiswahili chake huwa mikononi mwa kila mtu. Viti viwili vya baraza la parokia sasa vimejazwa na watu waliochaguliwa na vikundi vyao. Kinachotukwamisha ni mahali. Ndugu zetu wa Sudan Kusini husali na kupiga ngoma chini ya mwarobaini baada ya Misa ya pili. Mvua ya Aprili ikishuka, wanafunika ngoma kwa nailoni na kwenda nyumbani. Mwaka jana walifiwa na mtoto mchanga. Walitaka kukesha pamoja na mama yake na kupika, na hatukuwa na pa kuwaweka. Walikesha uani, kwenye matope.

Ndiyo maana tunataka ukumbi wenye paa imara, sakafu ya saruji na jiko la mafiga matatu makubwa, ambalo kikundi chochote kitapewa ufunguo wake kwa zamu. Msingi na saruji ndivyo vitakavyokula pesa nyingi. Kisha mabati, mbao, tangi la maji na viti. Asiyeweza kutoa taslimu anaweza kuleta mfuko mmoja wa saruji, bati moja, au siku moja ya kazi yake. Mafundi watatu wa chama cha wanaume wamekwisha kujitolea.

Niseme pia kuhusu kadi. Kadi ya kwanza kurudi ikiwa imejaa ilitoka kwa kina mama wa Sudan Kusini. Mistari yote imeandikwa kwa kalamu moja, karibu kila mstari shilingi ishirini, michache hamsini, na pesa zenyewe zilikuwa sarafu zilizofungwa kwenye kitambaa. Mhasibu wetu alizihesabu mara mbili, kisha akakaa kimya kidogo.

Kadi zinapatikana kwa makatibu wa jumuiya na ofisini kwa paroko. Namba ya kulipia kwa simu imeandikwa kwenye kadi yenyewe. Tafadhali usitume pesa kwa namba ya mtu binafsi, na daima dai risiti. Hesabu zote zitabandikwa mlangoni mwa kanisa kila Jumapili hadi ujenzi uishe.

Siku ya harambee kutakuwa na mnada wa kuku, mayai, ndizi na chochote mtakacholeta altareni. Baada ya hapo tutakula pamoja. Sombe inahitaji kutwangwa mapema na kuchemka muda mrefu, hivyo mama wa Bukavu ataanza kazi Jumamosi saa tisa alasiri, uani mwa kanisa. Vinu viwili vipo. Tumepungukiwa na michi.