Barua ya malalamiko: rudisheni jina la Clara kwenye koncheto yake

Kwa Idara ya Huduma kwa Wateja,

Habari za kazi ndugu zangu. Mimi ni mteja wenu mwaka wa pili sasa, nalipia kile kifurushi cha mwezi cha bila matangazo, risiti zote ninazo kwenye simu, na nimeshawaandikia mara tatu humohumo ndani ya apu yenu ya muziki nikajibiwa na roboti kwamba nizime simu niwashe tena. Simu yangu haina shida. Shida iko kwenu, ndo maana leo naandika barua ndefu na naomba isomwe na mtu.

Iko hivi. Napiga kinanda kanisani hapa Dar, na kila Jumamosi nafundisha watoto wa kwaya, wengi wao wasichana. Mwezi uliopita nikaona mmeingiza rekodi mpya za koncheto za piano za karne ya 19 (koncheto ni kazi ndefu ambayo piano moja inapiga pamoja na okestra), zile ambazo miaka nenda rudi hakuna anayezipiga, nikafurahi mno maana CD zake huku kwetu utatafuta mpaka uchoke, na humo ndani nikakuta ya Clara Wieck, mpiga piano na mtunzi wa Ujerumani, ufunguo wa A maina, op. 7 (yaani kazi yake namba 7). Nikawaambia watoto wiki ijayo tutasikiliza koncheto iliyoanzwa na msichana wa miaka 13. Wakaja wote, hata wale watoro. Nikaunganisha spika, nikabonyeza, kwenye skrini ikatokea picha ya mwanaume na jina la mtunzi mwingine, Robert Schumann. Binti mmoja, na yeye ana miaka 13 hiyohiyo, akaniuliza mwalimu si ulisema ni msichana?

Yaani niliumia. Ilibidi nisimamishe muziki nianze kueleza upya, na wengine nikaona kabisa hawaniamini, wanaamini skrini.

Najua kosa limetokea wapi, wote wawili wana koncheto ya A maina na baadaye walikuja kuoana. Ila ya Robert ni op. 54, aliimaliza 1845, na aliyeipiga mara ya kwanza kule Dresden mwaka huohuo ni Clara mwenyewe. Ya Clara imeitangulia kwa miaka 10, aliipiga Leipzig kwenye ukumbi wa Gewandhaus tarehe 9 Novemba 1835 akiwa na miaka 16, mtunzi Mendelssohn ndo akiongoza okestra, na hapo hata ndoa bado, wameoana 1840. Robert alimsaidia kupanga vyombo vya okestra kwenye ile sehemu iliyokuja kuwa ya mwisho, hilo sikatai, lakini kumpangia mtu vyombo sio kutunga, na mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kwaya anajua tofauti ya mtunzi na anayekuja kusaidia sauti.

Halafu kuna hili la pili ambalo kwangu ni baya vilevile. Hii koncheto haina vituo. Sehemu tatu zinaunganika, ya kwanza inaingia moja kwa moja kwenye ya pili, na hiyo ya pili inaitwa Romanze, okestra karibu yote inakaa kimya, inabaki piano peke yake, kisha chelo moja (ile kama fidla kubwa ya sauti nzito) inakuja kuimba nayo, wawili tu, na kule mwishoni timpani, zile ngoma kubwa za okestra, zinaanza kunguruma kwa chini sana, unakaa unasubiri, ndo tarumbeta zinaita sehemu ya mwisho. Sasa nyinyi pale kwenye timpani mmekata. Kimya. Halafu likaingia tangazo la kubeti! Mbele ya watoto, darasa la kanisa, kwenye kifurushi ambacho nimelipia kisiwe na matangazo. Sijui nani huko kwenu alikaa akasikiliza hii rekodi mpaka mwisho kabla ya kuiweka hewani, maana angesikiliza mara moja tu angejua haikatiki.

Baada ya hapo nikaanza kukagua na nyingine. Mtunzi Moszkowski ana koncheto mbili, moja ya E meja, op. 59, nyingine ya B maina aliyoandika 1874 ambayo watu walidhani imepotea kabisa mpaka muswada wake ukaonekana kwenye maktaba Paris na ikaja kupigwa kwa mara ya kwanza 2014. Nyinyi mmeandika "Moszkowski, koncheto ya piano" basi, hamna namba wala ufunguo, na sehemu za zote mbili zimechanganywa kwenye albamu moja. Amy Beach, Mmarekani aliyepiga koncheto yake mwenyewe na okestra ya Boston mwaka 1900, mmemweka kwenye mkusanyiko wa muziki wa ufukweni wa kulalia, eti kwa sababu ya hilo jina Beach. Mama wa watu kazi zake zilichapishwa kwa jina la mumewe, leo hata hilo lililobaki mnalifanya bahari.

Mtu anayemtaka Chopin atampata tu hata mkikosea, yuko kila mahali. Hawa hawako kila mahali. Rekodi ya Clara ukishaipa jina la mwingine hakuna atakayeikuta akimtafuta, na wapigaji waliohangaika kuirekodi wamefanya kazi bure.

Naomba mrekebishe jina na picha kwenye op. 7, mziunganishe zile sehemu tatu zisikatike, mtenganishe Moszkowski, mtoe Beach kule ufukweni, na mweke kijitabu kinachokuja na albamu maana huko ndiko maelezo yote yalipo. Hela ya mwezi uliopita nirudishieni kwa namba ileile niliyolipia, tangazo lilipita na ushahidi wa picha nimeambatanisha. Na anijibu mtu, sio roboti.

Jumamosi hii tunarudia lile somo. Nitafungua apu yenu saa nne asubuhi, mbele ya watoto walewale.

Mteja wenu,
Mpiga kinanda, Dar es Salaam