Taarifa ya Mwenyekiti wa chama cha wenye bipola kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024, Mbeya

Ndugu wanachama, wazazi na walezi, itifaki imezingatiwa. Nawashukuru mliopanda daladala na bodaboda kutoka Uyole, Mbalizi na Tukuyu na mvua hii. Nimeangalia viti kabla ya kusimama, na suala la mahudhurio nitalifikia.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Vikao vya kila mwezi vilifanyika Mwanjelwa, isipokuwa Julai, baridi ilipotushinda. Siku ya Bipola Duniani, ya ugonjwa wetu huu wa hisia kupanda mno na kushuka mno, Machi 30, tuliadhimisha. Siku ya Afya ya Akili Duniani, Oktoba 10, tuliandamana na wenzetu wa vyama vingine, na fulana nilizisimamia mwenyewe hadi zikatoka kwa fundi. Tuliwatembelea wenzetu waliolazwa na tulizika wawili. Mungu awapumzishe.

Fedha. Tulianza na salio la shilingi 415,000. Ada ziliingia 1,224,000 na michango ya wahisani 870,000, jumla 2,509,000. Matumizi: vipimo vya damu 1,150,000, ukumbi na chai 390,000, nauli na mawasiliano 265,000, rambirambi 200,000. Jumla 2,005,000, salio 504,000. Stakabadhi anazo Mweka Hazina, na anayetaka kuziona aende kwake, asizisome kwenye kundi la WhatsApp kwa kubahatisha. Wanachama walioandikishwa ni 143. Ada ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na waliolipa mwaka mzima ni 51. Najua wapo wasioweza kweli, hasa waliopoteza kazi baada ya kuugua, na hao Kamati haijawahi kuwagusa. Nawasema wenye maduka.

Sasa nije kwenye jambo lililotugawa.

Mnakumbuka maabara moja binafsi ilituletea ofa ya kupima damu ya kila mwanachama kwa shilingi 120,000. Walisema vipimo hivyo vinaonyesha nani kati yetu kumbukumbu yake itaharibika na nani atabaki salama. Damu ingesafirishwa nje ya nchi. Walitaka jibu ndani ya wiki mbili na orodha ya majina yetu pamoja na dawa tunazotumia. Nilikataa. Badala yake nikaelekeza fedha za mfuko wa matibabu kwenye vipimo vya kawaida kwa wanachama 25 wanaotumia dawa muda mrefu, shilingi 46,000 kila mmoja. Tangu hapo nimeitwa adui wa sayansi.

Kwanza utaratibu, maana wengine mmeshikilia hapo. Niliitisha mkutano wa dharura mara mbili. Mara ya kwanza walikuja 17, mara ya pili 22. Akidi yetu ni theluthi moja, yaani 48. Katiba ya chama inampa Mwenyekiti mamlaka ya kuamua pamoja na Kamati akidi inaposhindikana, na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Katibu hakukubaliana nami na kumbukumbu za kikao zinaonyesha hivyo, sijaficha. Ila wengi wa waliopiga kelele baadaye sikuwaona siku yoyote kati ya hizo mbili.

Pili, sayansi yenyewe. Hakuna anayejua zaidi yangu kwamba tatizo la kumbukumbu lipo. Mtu wa nje anadhani bipola ni kupanda na kushuka tu, na ukitulia umepona. Sisi tunajua kwamba hata katika miezi ya utulivu kichwa kinaweza kuwa kizito. Mama anasahau chenji ya mteja sokoni, kijana anasoma ukurasa mmoja mara nne, fundi anashindwa kupanga kazi ipi ianze. Utafiti umethibitisha hilo: wengi wetu, japo si wote, hupungukiwa kumbukumbu ya maneno, umakini na uwezo wa kupanga hata wakiwa wametulia. Huu si uvivu. Laiti familia zetu zingelisikia hilo kabla ya mambo mengine yote ya leo.

Ni kweli pia kwamba wanasayansi wanatafuta alama zake kwenye damu. Wanaangalia CRP, protini inayotengenezwa na ini mwili unapopambana na jeraha au maambukizi. Wanaangalia na nyingine iitwayo BDNF, inayosaidia seli za ubongo kukua na kuunganika. Ukilinganisha makundi, CRP huwa juu zaidi kwa wenye bipola, hasa mtu anapokuwa amepanda, na BDNF huwa chini wakati wa kupanda au kushuka. Wapo waliojaribu kuhusisha alama hizo na kumbukumbu dhaifu, lakini matokeo yao yanapishana. Na huo wote ni wastani wa kundi. Ukisema watu wa Rungwe wanakula ndizi, hujajua huyu aliyekaa mbele yako jana alikula nini. Mpaka leo hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha kwamba mtu ana bipola, wala kinachomtabiria mtu mmoja kumbukumbu yake itakuwaje. Aliyetuahidi hivyo alikuwa anauza.

Fikirieni na mazingira yetu. CRP inapanda ukiwa na malaria, inapanda ukiwa na jino bovu. Mwenzetu wa Kyela aliyetoka kuugua malaria angeletewa karatasi inayosema ubongo wake uko hatarini! BDNF ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya ile inayopimwa hutoka kwenye chembe sahani, zile chembe ndogo za kugandisha damu, damu inapoganda. Namna damu ilivyotolewa, muda iliokaa mezani, ilivyohifadhiwa kwenye barafu, vyote vinabadili jibu. Niliwauliza wale mabwana sampuli zitahifadhiwaje kutoka Mbeya hadi huko ziendako. Nilijibiwa kwa tabasamu.

Niliuliza pia kibali. Kama ni utafiti, lazima uwe na kibali cha maadili kinachopitia NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, sampuli zinazotoka nchini ziwe na mkataba wake, na mshiriki aridhie kwa maandishi bila kutozwa hata senti. Kama ni biashara, basi waseme ni biashara. Walisema kibali kinashughulikiwa. Na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, mimi sina ruhusa ya kumkabidhi mtu orodha ya wagonjwa wa akili kama orodha ya wachangiaji wa harusi.

Na ile milioni moja na ushee ilinunua nini? Ilinunua vipimo vyenye tiba mbele yake. Lithiamu, ambayo daktari John Cade wa Australia aliandika habari zake mwaka 1949 na bado ni dawa kubwa ya bipola, inaweza kulegeza tezi ya shingo na kudhuru figo. Tezi ikilegea, mtu anakuwa mzito wa kufikiri, anasahau, analala, na nyumbani wanadhani ameshuka tena. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna sababu ya ziada ya kuiangalia tezi, kwani wazee wetu waliugua sana rovu, uvimbe wa tezi hiyo, kwa kukosa madini joto. Wengi wetu tunatumia kabamazepini, dawa nyingine ya bipola, na hiyo inaweza kushusha chumvi ya damu hadi mtu akachanganyikiwa. Baadhi ya dawa nyingine zinaongeza uzito na sukari, na sukari isiyodhibitiwa nayo inadhoofisha kumbukumbu. Kwa hiyo tulipima tezi, figo, chumvi, sukari na wingi wa damu.

Wapo waliokutwa na kitu na sasa wako kwa daktari. Sitataja idadi wala majina, maana humu ndani tunajuana. Niseme tu kwamba mtaalamu aliyetusaidia kuchagua vipimo nilimfuata mwenyewe, kwa nauli yangu, na Kamati inalijua hilo.

Lipo jambo moja limeniuma. Kuna mwanachama aliandika kundini kwamba niliamua vile kwa sababu wiki ile nilikuwa nimepanda. Ndugu zangu, mimi nina bipola kama ninyi na sijawahi kuficha. Daktari wangu alikuwa ameniona siku chache kabla na sikuwa nimepanda. Hayo maneno tunayasikia kwa waajiri, kwa mashemeji, kwa majirani: ukikataa jambo, basi unaumwa. Nilitegemea angalau kwenye chama hiki mtu akipinga hoja yangu aipinge hoja. Nimeiomba Kamati isimchukulie hatua yeyote. Nimesamehe, ila nimeona niliseme hadharani kwa kuwa nalo lilisemwa hadharani.

Mipango ya mbele. Tunatarajia, Mungu akipenda, kupata watafiti wenye vibali wa kufanya kazi nasi hapa Mbeya. Wakija, nitataka vipimo vya kumbukumbu viendane na watu wetu, kwa sababu aliyeishia darasa la nne huwezi kumpima kwa kuunganisha namba na herufi halafu ukasema ubongo wake umechoka. Tunafikiria pia mradi wa viazi ama kuku, tutaona. Upo na wazo la mazoezi ya kumbukumbu siku za vikao, kama watu watafika.

Wanaodaiwa ada watamkuta Mweka Hazina pale mlangoni na kitabu chake. Fomu za uchaguzi wa Machi anazo Katibu. Ya kwangu nimeshaichukua.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti